Archimedes Hakuwa na Majirani

Siku hizi hakuna mahali mtu anaweza kukaa akatulia. Ukiwasha redio alfajiri, kijana fulani anakuambia uthubutu. Ukifungua simu, mwingine kavaa suti ya kubana na viatu bila soksi, anakuhimiza utoke kwenye eneo lako la starehe, eti mafanikio yako yanakusubiri huko nje. Ukienda kwenye kikao cha harusi, ambako zamani tulijadili michango na idadi ya kreti za soda, mshehereshaji anakatisha ajenda ili atuambie tuthubutu. Hata konda wa daladala siku hizi kabandika maneno ya kuhamasisha nyuma ya kiti cha dereva, ilhali yeye mwenyewe ananing'inia mlangoni kwa vidole viwili.

Nina swali moja kwa watu hawa, tena naliuliza kwa heshima zote. Eneo la starehe lipi?

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Dar es Salaam. Nakaa Chanika. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, naoga maji ya ndoo, natoka kwenda kugombea daladala na watu ambao Jumapili tulipeana mkono wa amani. Nikifanikiwa kuingia, nasimama mpaka Buguruni huku kiwiko cha mtu nisiyemjua kikinipima mbavu. Darasani watoto ni wengi kuliko madawati. Jioni narudi kwa utaratibu uleule, ila sasa wote tuna jasho. Mshahara ukiingia haukai. Unanisalimia, unapita kwenda kwa wanaonidai. Starehe yangu ni kiti cha plastiki chini ya mwembe, Jumapili baada ya chakula, redio ikitangaza mpira. Na kiti chenyewe kina mguu mmoja wa wasiwasi. Hapo ndipo yule wa suti anataka niondoke.

Mwalimu halalamiki bila kusoma, kwa hiyo nimesoma. Mmoja wa waliolipa umaarufu wazo hili ni Judith Bardwick, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeliandikia kitabu mwaka 1991. Alikuwa akiwasema wafanyakazi wa kampuni kubwa za kwao waliohakikishiwa ajira kiasi kwamba wafanye kazi wasifanye, mwisho wa mwezi kitu kinaingia. Dawa ilitengenezwa kwa ugonjwa huo. Sasa imevuka bahari, imeshushwa bandarini kwetu, na anayenyweshwa ni kibarua wa Kariakoo asiyejua kama kesho ataitwa.

Ukirudi nyuma zaidi unakutana na panya. Mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson, Wamarekani hao pia, waliwafundisha panya wadogo kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi. Panya akikosea, anapigwa shoti ya umeme. Somo lilipokuwa jepesi, shoti kali iliwafanya wajifunze upesi. Somo lilipokuwa gumu, shoti ikizidi, panya walivurugikiwa wakachelewa kujifunza. Wahamasishaji wetu wameichukua ile habari ya shoti wakakimbia nayo. Habari ya pili wamewaachia panya.

Basi nilikuwa na hoja, nilikuwa na ushahidi, nilikuwa na kiti. Ndipo binti yangu mkubwa, aliyeolewa Kigamboni, akaja nyumbani.

"Shikamoo baba. Nimekulipia masomo ya kuogelea."

"Marahaba. Nani kakuambia nazama?"

"Baba, kwenye pantoni unakumbatia nguzo. Wiki ile abiria walitaka kukupisha wakidhani unaumwa."

"Siku hizi kuna daraja. Tangu mwaka 2016."

"Darajani unafumba macho."

Naomba nieleweke. Mimi nimezaliwa Dodoma. Kwetu maji tunayapangia foleni, hatuyaogelei. Mto wetu sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga, na mtoto akitaka kuvuka anavuka na viatu vyake. Mama watoto ndiye mtu wa Pangani, kakua mto ukimwagikia baharini mbele ya macho yake, na miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunisimanga juu ya jambo hili zaidi ya mara inayostahili. Siku hiyo alikuwa anachambua mchele. Hakusema neno, lakini ungo ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

"Waambie wakurudishie hela," nikamwambia binti.

"Hawarudishi." Akataja kiasi.

Nikakaa chini. Hapa ndipo ningependa wahamasishaji waje na daftari. Kilichonipeleka bwawani hakikuwa ujasiri. Nilipekua kifua chote sikuuona. Kilichonipeleka ni uchungu wa hela iliyokwisha kulipwa, na nasadiki kwamba ukichunguza mambo mengi makubwa yaliyofanywa na wazazi wa nchi hii, utaikuta stakabadhi chini yake.

Usiku ule sikulala, na nikiwa macho nikajiuliza naogopa nini hasa. Kuzama? Binti alisema upande wa wanaoanza maji yanafika tumboni. Mtu akizama pale itabidi ajitahidi. Nikafikiri mpaka nikalifikia lenyewe: naogopa bukta. Naogopa mwalimu wa watu, mwenye shati la kuchomekea na kalamu mbili mfukoni, kusimama mbele za watu akiwa na bukta na kitambi, hajui kitu, anafundishwa.

Maana sisi, mtu mzima hajifunzi hadharani. Mtu mzima ama anajua, ama ana sababu. Nina mwenzangu ofisini ambaye tangu kompyuta zije amesahau miwani nyumbani kila siku, ili kijana wa mazoezi amwandikie mtihani. Nina shemeji aliyenunua gari akajifunza kuendesha saa kumi usiku, majirani wasije wakauona ule ubao wa L. Nina baba mdogo ambaye hajui kupanda baiskeli na ameishi maisha yake yote akisema baiskeli inaharibu kiuno. Hao wote si waoga. Baba mdogo huyohuyo alimuua koboko kwa jembe. Tatizo ni kwamba koboko hamsimulii mtu.

Wataalamu wana faraja yao hapa. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha utafiti wa fulana. Walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya Barry Manilow, mwimbaji ambaye vijana wale waliona aibu kuvaa sura yake, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Aliyeivaa alikisia kwamba karibu nusu yao wameitambua. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo tu. Somo likawa kwamba watu hawatutazami kwa kiasi tunachodhani.

Profesa namheshimu, lakini hajafika Chanika. Avae fulana hiyo atoke nayo dukani kwa Mpemba kwenda kituoni. Kabla hajafika, mama wa vitumbua atakuwa keshajua kanunua wapi, kwa bei gani, na kwamba mkewe hakuitaka. Mtaani kwetu utafiti wa fulana ungekosa sampuli ya watu wasiotazama.

Jumamosi nikaenda. Bwawa ni la hoteli moja, na hoteli sitaitaja kwa sababu taulo zao ni fupi. Kulikuwa na akina mama watatu, bwana mmoja wa benki, na watoto wadogo wengi. Nilikuwa nimejifunga taulo kuanzia kifuani, natafuta kona, niliposikia sauti.

"Shikamoo Mwalimu!"

Kocha. Kijana mrefu, filimbi shingoni. Nilimfundisha fizikia kidato cha pili, alikuwa anakaa nyuma karibu na dirisha, na macho yake siku zote yalikuwa nje. Akawageukia watu wote na kutangaza kwa furaha ya kweli, "Huyu ndiye mwalimu aliyenifundisha kwa nini vitu vinaelea!"

Bwawa zima likageuka. Sasa niambieni, kona iko wapi?

Ni kweli nilimfundisha. Kanuni ya Archimedes naifundisha kila mwaka: kitu kilichotiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma kando. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina kilo 1,000. Ya maji ya bahari ina kama kilo 1,025, ndiyo maana baharini mtu huelea kwa urahisi zaidi. Mwili wa binadamu unakaribia sana uzito wa maji, na mapafu yakijaa hewa wengi wetu huwa wepesi kidogo kuliko maji. Haya yote nimeyaandika ubaoni kwa chaki za rangi, nimeyatungia mitihani, nimekata watu alama kwa kuyakosea. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya bwawa, mguu mmoja ndani, na mwili wangu wote ulikuwa hauamini hata sentensi moja.

Tena Archimedes mwenyewe hana cha kutufundisha kuhusu aibu. Inasimuliwa kwamba kanuni ilipomjia alikuwa anaoga, akatoka mbio uchi katika mitaa ya Syracuse akipiga kelele za furaha. Kama kisa ni cha kweli, basi mji ule ulikuwa hauna majirani. Hakuna mama wa vitumbua, hakuna mjumbe wa nyumba kumi, hakuna kundi la mtandaoni la mtaa ambalo video ingefika kabla yeye hajafika.

Nikashuka. Somo la kwanza lilikuwa kutia uso majini na kutoa pumzi kwa mdomo mpaka mapovu yatoke. Watu wazima tukatazamana. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Bwana wa benki akaanza kujadili kiwango cha klorini. Mimi nikauliza kama kuna maandalizi yoyote ya kinadharia.

Hapo kocha akapuliza filimbi. "Sheria ya bwawa hili ni moja," akasema. "Anayecheka ndiye anayefuata."

Kukawa kimya cha ajabu. Mimi ni mwalimu, nimekaa na sheria za shule ukutani miaka mingi, nyingine zina vifungu na vifungu vidogo, lakini sijawahi kuona sheria fupi ikifanya kazi upesi namna ile. Nyuso zote zikawa nzito. Mama mmoja akainama, akapuliza, akanyanyuka kilemba kikiwa kimemwangukia usoni, na hapakuwa na mtu aliyethubutu hata kutabasamu. Akafuata wa pili. Mtoto wa kike wa miaka kama mitano, aliyesimama ubavuni kwangu, akanishika mkono.

"Babu, usifumbe mdomo sana. Puliza tu."

Mimi si babu. Bado. Lakini nikapuliza.

Kuelea kulikuwa kesi nyingine. Kila nikilala chali miguu ilizama, na ikizama nilikakamaa kama muwa. Kocha akasema, "Mwalimu, unainua kichwa. Kichwa kikipanda, miguu inashuka. Si ulituambia habari ya mizani?" Niliwaambia. Nilichora hadi picha. Nikamwonyesha kitambi, nikamwambia tuwe wakweli, huu ni mzigo. Akasema kitambi ni mtaji, maana mafuta ni mepesi kuliko maji, na wanaopata taabu zaidi ni vijana wakavu wenye misuli. Nimekaa na kitambi hiki miaka mingi nikisemwa na ndugu, marafiki na muuguzi wa zahanati. Yule kijana ndiye wa kwanza kukiona kina faida.

Basi akaweka kiganja chini ya mgongo wangu, na baadaye akakiondoa bila kuniaga, nami nikabaki juu ya maji. Nitasema ukweli juu ya raha niliyoisikia. Masikio yangu yalikuwa ndani ya maji, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hapakuwa na mtu aliyeweza kunihamasisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria ile sheria kuliko nilivyowahi kufikiria mahubiri yoyote ya kuthubutu. Wahamasishaji wanaongea na anayeogopa. Kocha aliongea na wanaotazama. Aliuona ugonjwa ulipo. Woga wetu haukai sana kifuani mwa mwenye kujaribu, unakaa midomoni mwa wanaomsubiri ateleze.

Angalia Nungwi, kaskazini ya Unguja. Kuna wasichana waliozaliwa hatua chache kutoka baharini, wakakua bila kujua kuogelea, kwa sababu mavazi ya kuogelea hayakuwa ya heshima na waliojua kufundisha walikuwa wanaume. Mradi mmoja wa huko, Panje, haukuwahutubia kuhusu ujasiri. Uliwapa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima na walimu wanawake. Wasichana wakaingia majini. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Walichohitaji ni kuondolewa sababu ya kusemwa.

Na angalia Sydney, mwaka 2000. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alikwenda kwenye Olimpiki kuogelea mita 100 kwa mtindo huru, ilhali alikuwa ameanza kujifunza mwaka huohuo, kwenye bwawa dogo la hoteli. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza alipofika Sydney. Wenzake wawili wa kundi lake wakaondolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akabaki peke yake, dunia nzima inamtazama. Bila shaka wapo waliocheka. Lakini mita za mwisho, alipokuwa anakaribia kusimama katikati ya maji, ukumbi mzima ulikuwa umeinuka unamshangilia, na yeye mwenyewe alisema kelele zile ndizo zilizomfikisha. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72. Kwenye mashindano hayohayo Mholanzi Pieter van den Hoogenband aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.84. Sasa watajie wapita njia majina yote mawili uone ni lipi wanalikumbuka. Baadaye Moussambani akawa kocha wa timu ya taifa lake.

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Wenye redio na wenye suti, tupumzisheni sisi tusiothubutu kwa muda, muwageukie wanaocheka. Ukimwona mama mtu mzima anayumba na pikipiki ya kujifunzia, weka simu mfukoni. Mzee akikosea Kiingereza kwenye kikao cha wazazi, usirudie maneno yake nyumbani kwa sauti yake. Baba mdogo akipanda baiskeli, akaanguka, mwokote na unyamaze. Mtaa ukifanya hivyo kwa mwaka mmoja, mtashangaa ni watu wangapi walikuwa na ujasiri wao kabatini wakisubiri mtulie.

Mimi nimeanza kwangu. Sheria ya kocha nimeiandika kwa kalamu nene, nikaibandika sebuleni juu ya jokofu. Jumamosi iliyofuata nilitoka chumbani na bukta yangu, na mama watoto, aliyekuwa amevumilia muda mrefu, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Nikamwonyesha jokofu kwa kidole.

Akasoma. Akanyamaza. Kisha akaniambia jambo ambalo katika ndoa yetu yote hajawahi kulisema: kwamba kule Pangani aliogelea kila siku mpaka alipovunja ungo, bibi yake akamwambia basi, sasa wewe ni mtu mzima, watu watasema nini. Tangu hapo bahari akawa anaitazama tu. Nikamwambia sheria ni sheria, twende.

Alikuja na nguo yake ya mikono mirefu na suruali ya kubana, akasimama ukingoni kidogo, akajitosa upande wa kina kirefu ambao mimi bado sijaruhusiwa. Alivuka, akageuka, akavuka tena. Wale watoto wakaacha kupuliza mapovu wakawa wanamtazama. Kocha alimwomba palepale amsaidie kufundisha darasa la wanaoanza.

Darasa la wanaoanza ni mimi. Sasa nafundishwa bwawani Jumamosi na nakumbushwa nyumbani wiki nzima, mezani, mbele ya wageni, kwamba nainua sana kichwa. Yeye hadaiwi ada, anapewa na soda. Ningejua mapema kwamba mwenye kucheka huingia bure, ningefika siku ya kwanza nikiwa nimeshika mbavu.